Meseji 17 kwa Saa Mbili

Mume akikosa mtandao porini, mimi huona ndoa imevunjika. Miaka yote nilidhani nina roho mbaya. Kumbe nina tatizo lenye jina, na lenye tiba. Hii ni simulizi yangu kutoka Mpanda.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshaanza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, nyumbani kwetu Makanyagio, simu mkononi. Mume wangu ni askari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kwa utani namwita Afande. Alikuwa doria, siku ya nne sasa, na asubuhi alikuwa ameniambia, "Nikifika Sitalike nitakupigia, saa 12 jioni hivi."

Saa 12 ikapita. Saa 12 na nusu ikapita. Nikapiga mimi. Namba haipatikani.

Mtu mwingine angesema, "Mtandao huo," akaendelea kumenya ndizi zake. Mimi sikuweza. Kwanza nilihisi kifua kimekuwa kitupu, kama nyumba iliyohamwa. Halafu likaja wazo moja, wazi kabisa kama mtu aliyekaa pembeni yangu ananiambia: amekuacha. Nikaanza kuandika.

Meseji ya kwanza: "Uko salama mpenzi?" Ya tano: "Najua uko na nani." Ya 11: "Hukuwahi kunipenda hata siku moja." Ya 17 niliituma saa 3 usiku: "Usirudi. Ndoa imekwisha." Kisha nikatoa nguo zake zote kabatini nikazimwaga uani, zikanyeshewa. Usiku huo huo nikajiumiza mwenyewe. Sitaeleza vipi, kwa sababu haikusaidii wewe kujua.

Asubuhi akarudi, buti zimejaa matope hadi magotini, mkononi ana chupa ya asali. Gari lao lilikuwa limekwama, wakalala porini. Alipoona nguo zake uani hakupiga kelele. Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshampenda tena, yaani kumpenda hadi kuumwa, nimemshika mguu nalia asiniache.

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia nisirudi," alisema taratibu.

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Hasira zake nisingeziogopa sana, lakini uchovu ule ulinitisha. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu tu wa ndoa.

Siyo gubu, siyo mashetani

Tatizo langu lilikuwa na majina mengi kabla halijapata jina lake. Shangazi zangu waliliita gubu. Mashosti wa ofisini waliliita wivu. Mama mkwe, ambaye ananipenda sana, alisema ni mashetani na akataka yatolewe. Mimi mwenyewe niliita roho mbaya, na jina hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, maana sikujua kama roho mbaya ina dawa.

Nikitazama nyuma, nilianza kuwa hivi tangu sekondari. Rafiki mpya nilimwona malaika kwa mwezi mmoja, akichelewa siku moja kujibu salamu yangu namwona adui. Kazi mbili niliziacha kwa hasira za dakika kumi. Kabla ya Afande, wachumba wawili niliwapiga kibuti mimi, si kwa sababu siwapendi, bali kwa kuogopa wao wataanza kunipiga kibuti kwanza. Jamani, hivi kuna mtu anayechoma nyumba yake akiogopa kuibiwa? Ndiyo, mimi hapa.

Aliyenifungulia mlango ni muuguzi mmoja. Nilikwenda kufungwa kidonda nikiwa na uongo wangu tayari. Akaniangalia, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hili umelifanya mara ngapi?" Hakunisema. Hakunihubiria. Aliuliza tu, na mimi kwa mara ya kwanza nikajibu ukweli. Yeye ndiye aliyenishauri nimwone daktari wa magonjwa ya akili.

Nikapanda treni hadi Tabora, kutoka hapo nikaunganisha kwenda Dodoma. Kazini niliaga kwamba nakwenda harusini. Si unajua Watanzania tulivyo? Ukitaja Dodoma na daktari wa akili kwenye sentensi moja, mtu anacheka na kusema, "Mirembe hiyo!" Nilikuwa tayari kuumwa, lakini sikuwa tayari kuchekwa.

Daktari alizungumza nami kwa siku mbili. Aliuliza utoto wangu, usingizi wangu, kazi zangu, wapenzi wangu. Aliomba ruhusa akaongea na Afande kwa simu. Siku ya pili, mchana, akanipa jina.

Mpakani mwa nini?

Kitaalamu ni tatizo la haiba ya mpakani. Jina la ajabu kidogo, nami nilimuuliza daktari, mpakani mwa nini na nini? Akacheka. Akasema ni jina la kihistoria. Mwaka 1938 daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, alieleza wagonjwa ambao hawakuingia kwenye mafungu mawili yaliyokuwepo: hawakuwa watu wa wasiwasi wa kawaida, wala hawakuwa waliopoteza uhalisia kabisa. Akawaweka kwenye mpaka. Mwaka 1980 tatizo likaingia rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na jina likabaki.

Mwongozo huo una dalili 9, na daktari hutafuta angalau 5 zilizodumu kwa muda mrefu. Kuogopa mno kuachwa. Mahusiano yanayopanda mbinguni na kushuka shimoni. Kutojua wewe ni nani hasa. Kufanya mambo ya hatari kwa papara, kama kutapanya pesa, pombe au ngono zembe. Kujidhuru au kutishia kujiua. Hisia zinazobadilika ndani ya saa chache. Utupu usioisha. Hasira kali usizozimudu. Na ukibanwa sana, kushuku watu au kujihisi uko mbali na mwili wako.

Subiri kwanza! Usikimbilie kumbandika mkeo au shemeji yako jina hili. Kununa si ugonjwa. Wivu si ugonjwa. Kila mmoja wetu ana dalili moja au mbili siku ambayo mambo yameharibika. Tatizo ni pale zinapokuwa nyingi, zinapodumu miaka, na zinapovunja maisha. Tafiti za nchi za Magharibi zinakadiria mtu 1 hadi 2 kati ya watu wazima 100 wako hivyo, wanawake kwa wanaume. Na anayesema ni daktari au mwanasaikolojia, siyo sisi wa magazetini.

Linatoka wapi? Daktari alinieleza hivi: wengine tunazaliwa na hisia kama redio iliyofungwa kwenye sauti ya juu. Jambo dogo linasikika kubwa, na linachelewa kunyamaza. Redio hiyo ikikulia mahali ambapo kila siku inaambiwa haisikii kinachosikika, mambo yanaharibika. Nikakumbuka utoto wangu. Nikilia, jibu lilikuwa moja: "Nyamaza! Kwani umefiwa?" Siwalaumu wazazi wangu, ndivyo walivyolelewa na wao. Lakini mtoto anayeambiwa kila mara kwamba uchungu wake si uchungu, hajifunzi kuutuliza. Anajifunza kuupigia kelele zaidi ili asikike. Kwa wengine kuna makubwa zaidi ya hapo, kama kupigwa, kutelekezwa au kunajisiwa utotoni.

Nikauliza swali nililoliogopa: "Daktari, nitakufa hivi?" Akasema hapana. Akanieleza utafiti wa Mary Zanarini na wenzake wa Hospitali ya McLean, karibu na Boston, waliowafuatilia wagonjwa 290 kwa miaka 10. Kati ya kila 100, 93 walifika mahali ambapo kwa angalau miaka miwili mfululizo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Lakini hakunificha upande wa pili: ni nusu tu waliopona hadi kuwa na kazi ya kudumu na uhusiano mzuri. Dalili zinaweza kwenda zenyewe. Maisha unayajenga.

Vidonge? Hakuna kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya tatizo hili lenyewe. Dawa hutolewa kwa yale yanayoambatana nalo, kama sonona. Tiba kubwa ni mazungumzo na mazoezi.

Mama aliyerudi kuwatoa wengine

Tiba niliyoanzishiwa ina jina refu, tiba ya tabia ya kidialektiki. Usitishwe na jina. Maana yake ni kushika mambo mawili yanayoonekana kupingana bila kuangusha hata moja. La kwanza: hivi nilivyo leo, najitahidi kwa uwezo wangu wote. La pili: lazima nibadilike. Ukinipa la kwanza peke yake nitalala nalo. Ukinipa la pili peke yake nitalisikia kama tusi, kama lile la "kwani umefiwa."

Aliyeianzisha ni Profesa Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Mwaka 1991 alitoa matokeo ya utafiti wake: wanawake waliotibiwa kwa njia hii mwaka mzima walijidhuru mara chache zaidi, na walikaa siku chache zaidi wodini, kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitoa mwingine wa wanawake 101. Safari hii kundi la pili lilitibiwa na wataalamu wazoefu wa njia nyingine. Hata hivyo, waliopata tiba ya Linehan walikuwa na nusu tu ya uwezekano wa kujaribu kujiua.

Lakini kilichonifanya nilie si takwimu. Mwezi Juni 2011 Profesa Linehan alisimama katika hospitali moja ya Hartford, jimbo la Connecticut, akasema hadharani kwamba mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa humo humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa msichana aliyejiumiza, aliyefungiwa chumba cha peke yake, ambaye madaktari walishindwa naye. Aliweka nadhiri kwamba akitoka kwenye moto ule atarudi kuwatoa wengine. Akasoma, akawa profesa, akarudi kweli. Yaani ile tiba ilitengenezwa na mmoja wetu!

Tiba kamili ina mambo manne: kuonana na mtaalamu wako kila wiki, darasa la ujuzi la kila wiki, simu ya msaada unapozidiwa, na kikao cha wataalamu wenyewe ili nao wasichoke. Kwa kawaida huchukua mwaka au zaidi. Mimi nilipata kipande tu. Mwanasaikolojia wangu yuko mbali, tunaongea kwa simu kila Jumatano saa 11 jioni, nami najaza kaunta buku kila usiku: leo nimehisi nini, kwa ukali gani kutoka 0 hadi 5, nimefanya nini. Si tiba kamili, lakini kipande hicho kimeokoa maisha yangu.

Ujuzi wa kwanza wanaofundisha, na unaorudiwa kabla ya kila ujuzi mwingine, ni kutulia katika wakati uliopo. Kuona kinachotokea sasa hivi, ndani yako na nje yako, bila kukihukumu na bila kukikimbilia.

Mama mkwe aliposikia akashtuka. "Mwanangu, hayo ya kukaa kimya si dini za Kihindi?" Swali zuri. Linehan ni Mkatoliki. Alijifunza utulivu huo kwenye Ubudha wa Zen, na mmoja wa walimu wake alikuwa Willigis Jäger, padri wa Kibenediktini wa Ujerumani ambaye pia alikuwa mwalimu wa Zen. Kisha akautoa kwenye dini, akaugeuza mazoezi ambayo mtu wa dini yoyote, na hata asiye na dini, anaweza kuyafanya. Nilimwambia, "Mama, mimi rozari yangu naendelea nayo. Hili ni zoezi, kama la viungo." Akaridhika.

Tazama treni, usipande

Zoezi langu la kwanza lilikuwa kuchambua mchele. Usicheke! Sinia, mchele wa Mpimbwe, dakika kumi. Kazi ni moja, kuchambua. Naona punje, naona kijiwe, nasikia sinia linavyolia. Akili ikikimbilia kwa Afande, siigombezi, naisema tu kimoyomoyo, "wazo," kisha narudi kwenye punje. Siku ya kwanza nilirudi labda mara 50. Nikamwambia mwanasaikolojia nimeshindwa. Akasema, "Umerudi mara 50? Basi umefanya zoezi mara 50."

Zoezi la pili ndilo langu hasa. Mpanda ni mwisho wa reli. Honi ya treni ya Tabora tumeizoea. Mwanasaikolojia akaniambia, fumba macho, jione umesimama pembeni mwa reli. Kila wazo ni behewa. Behewa la "amekuacha" linapita. La "hukupendwa" linapita. La "mwandikie sasa hivi" linapita. Kazi yako ni kuyataja na kuyaacha yapite. Usiyazuie kwa mikono, utagongwa. Na usipande.

Hapo ndipo nilipoelewa maisha yangu. Miaka yote nilikuwa napanda kila behewa linalosimama mbele yangu, kisha nashangaa nimefikaje huko.

Kuna kitu kingine nilichojifunza: kutenganisha nilichokiona na nilichokitunga. "Simu haipatikani" ni kitu nilichokiona. "Yuko na mwanamke" ni hadithi niliyoitunga mimi, mtunzi hodari. "Kifua kimebana, mikono ina baridi" ni kitu. "Siwezi kuishi bila yeye" ni hadithi. Ukizoea kusema kitu kama kilivyo, hadithi zinapungua nguvu.

Halafu kuna akili tatu. Akili ya hisia inasema, "Tuma meseji!" Akili ya hesabu inasema, "Porini kuna sehemu hazina mtandao, na betri huisha." Ukifuata ya kwanza peke yake unaharibu. Ukifuata ya pili peke yake unakuwa kama jiwe, maana woga wako nao ni wa kweli. Kati yake kuna akili ya busara, inayosikiliza zote mbili: "Ninaogopa, na pia sijui kilichotokea. Nitasubiri hadi asubuhi."

Na siku ambayo huwezi hata kufikiri? Maji ya baridi. Najaza beseni, nainama, natia uso kwenye maji nikiwa nimebana pumzi, kwa sekunde 15 hadi 30. Mwili una utaratibu wake, uso ukiingia majini mapigo ya moyo yanapungua. Kama una ugonjwa wa moyo, muulize daktari kwanza. Kisha napumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Haimalizi tatizo. Inakununulia dakika chache za kutofanya ujinga, na mara nyingi dakika hizo ndizo zinazohitajika.

Zamu ya Afande

Mume wangu naye alikuwa na somo lake. Kila nilipopandisha, alikuwa anasema, "Acha utoto, hakuna kitu." Alitaka kunituliza. Mimi nilikuwa nasikia "kwani umefiwa." Moto unazidi.

Mwanasaikolojia akamfundisha kitu kidogo: anza kwa kukubali hisia, hata kama hukubali hadithi. "Ulingoja simu yangu saa tatu nzima, ukaogopa. Naelewa, ningeogopa na mimi." Hapo hajasema kwamba kweli alikuwa na mwanamke. Amesema tu kwamba woga wangu ni woga. Mara ya kwanza aliposema hivyo nilikaa chini kama niliyekatwa waya. Sikuwa na kitu cha kupigania tena.

Afande si mtu wa maneno mengi, lakini siku moja alinieleza jinsi yeye alivyoelewa. Kiangazi, Mto Katuma unapungua hadi viboko wanabanana kwa mamia kwenye vidimbwi vya matope. Wanapigana, wanatoana damu. "Mimi siwezi kuuamrisha mto ujae," alisema, "na nikiingia katikati nitauawa. Nakaa pembeni, sikimbii, najua mvua itakuja." Sikupenda sana kufananishwa na kiboko, nikamwambia hivyo, tukacheka wote. Lakini alikuwa amepata. Kukaa karibu bila kuingia matopeni, na bila kukimbia.

Pia tukakubaliana mambo ya kazi. Akienda doria hanipi tena saa. Ananipa siku: "Usipopata simu yangu hadi Jumamosi jioni, mpigie fulani kituoni." Na mimi nimeahidi meseji moja tu, siyo 17. Na matusi hayavumiliwi. Ugonjwa unaeleza kwa nini nilimwaga nguo zake uani. Haunipi ruhusa ya kuzimwaga tena. Nguo zile nilizifua mimi.

Kama mwenza wako yuko hivi

1. Usimtangazie ugonjwa katikati ya ugomvi. "Wewe nenda kwa daktari wa akili" ukiwa na hasira ni tusi. Subiri siku ya amani, sema unachokiona na kwamba mtakwenda wote.

2. Kubali hisia kabla ya kusahihisha habari. Kwanza "naona umeumia," halafu ndiyo maelezo.

3. Usiahidi usichoweza. "Sitakuacha kamwe hata sekunde" ni ahadi ya filamu. Bora ahadi ndogo inayotimizwa kila wiki.

4. Weka mipaka ukiwa mtulivu, na uishike ile ile kesho na keshokutwa. Kupigwa au kutukanwa si sehemu ya tiba ya mtu. Ukiona maisha yako yako hatarini, ondoka mahali hapo.

5. Akitaja kujiua, usiseme "anatafuta huruma." Muulize wazi, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, mpeleke hospitali iliyo karibu. Na wewe mwenyewe tafuta wa kuongea naye, maana na wewe ni binadamu.

Saa 12 ikapita tena

Sasa usidhani nimepona nikawa malaika. Miezi minne baada ya kuanza tiba nilivunja simu ukutani, na wiki nzima nilikataa kuongea na mwanasaikolojia wangu. Jumatano iliyofuata akapiga saa 11 kama kawaida, akauliza, "Haya, kabla ya simu kugonga ukuta, kulikuwa na nini?" Tukarudi nyuma hatua kwa hatua, bila kulaumiana, hadi tukaipata: siku mbili sikuwa nimelala, na mchana sikuwa nimekula. Siku hizi kulala na kula navyo naviandika kwenye kaunta buku.

Lakini nataka nikusimulie usiku mmoja. Ilikuwa Alhamisi. Afande alikuwa amesema atarudi siku hiyo, ikifika saa 12 jioni hajatokea. Simu haipatikani. Kifua kikawa kitupu, kama kawaida. Behewa la kwanza likaja: amekuacha. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Wazo." La pili. "Wazo." Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikatia uso kwenye beseni, nikatoka, nikatia tena. Nikachukua kaunta buku nikaandika: "Woga, 5."

Saa 1 na nusu nilituma meseji moja: "Nimeogopa. Ukipata mtandao niambie uko salama. Chakula kipo." Nikaizima simu nusu saa, nikachukua sinia la mchele. Nilikuwa nalia na huku nachambua. Sikuacha kulia, na sikuacha kuchambua. Saa 2 na nusu nikaandika: "Woga, 4." Saa 3 na nusu: "Woga, 2."

Hakuna kilichobadilika nje. Simu bado haipatikani, Afande bado hajaja. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani niliona hisia yangu ikipanda hadi kileleni na kushuka yenyewe, bila kunituma popote. Nilikuwa nimeamini kwamba isipofanyiwa kitu itaniua. Haikuniua. Ilipita.

Alifika saa 5 usiku, matope kama kawaida yake. Akasimama mlangoni akaangalia uani kwanza, halafu ndani. Nguo zake zilikuwa kabatini. Akaketi, nikampakulia.

"Umeshindaje?" akauliza.

"Saa 1 nilikuwa na hali mbaya sana," nikamwambia. "Saa 3 nikawa nafuu."

Akanitazama muda mrefu. "Pole," alisema. "Na asante." Kisha tukala wali, haukuwa na kijiwe hata kimoja.

Msomaji wangu, kama umejiona kwenye simulizi hii, au umemwona unayempenda, usiache liishie kwenye kurasa hizi. Mwambie muuguzi au daktari wa hospitali iliyo karibu nawe, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, hata kama ni wa kuongea naye kwa simu. Na wakati unasubiri, jikoni kwako huenda kuna sinia na mchele. Anza na dakika kumi.